Kisu Kikubwa Kadiri Bonde Linavyoruhusu

Mliponiaga pale karakana mlinipa saa ya ukutani, shuka mbili na ombi la kuandika uzoefu wangu ili wanaokuja wausome. Saa inatembea, shuka tunazitumia, na ombi limenikosesha raha kwa miezi minne. Mara ya kwanza niliandika kurasa sita kuhusu vyeo nilivyopanda. Mke wangu akazisoma jikoni, akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikazichana. Mara ya pili niliandika ushauri kwa vijana, nikasinzia kabla ya ukurasa wa pili, na kama mwandishi mwenyewe amesinzia sijui msomaji angefika wapi.

Basi nitaandika jambo moja tu ninalodhani ninalijua: namna ya kuchagua kisu cha kuchongea chuma kisicho na uso ulionyooka. Chuma chenye mabonde, migongo na mapindo. Najua siku hizi kompyuta ya mashine inawapendekezea kisu yenyewe. Mimi pia ilinipendekezea, na nusura nimharibie Sista mmoja kazi yake ya maisha. Someni hivyo hivyo.

Nilifika Songea nikiwa na shahada ya uhandisi, viatu vipya na imani kwamba watu walikuwa wananisubiri. Mkuu wa karakana alisaini barua yangu bila kuisoma, akasema, "Nenda kwa Fundi Mapunda, mashine ya kuchonga." Nikaingia, nikamwona mzee mmoja mnene kwenye mashine ya kukereza, nikamwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, Fundi Mapunda." Akaitikia marahaba, kisha akaninyooshea spana kuelekea kona ya mwisho. Huko alikuwepo mama wa miaka arobaini hivi, ovaroli ya buluu, kitambaa kichwani, miwani imefungwa uzi shingoni, anapiga tupa kipande cha chuma bila kukitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Iringa."

"Mhehe?"

"Ndiyo."

Akaweka tupa chini. "Mtani wangu! Babu zako walitukimbia, wewe unarudi kwa miguu yako mwenyewe?"

Kwa wasiotoka huku: Wangoni na Wahehe walipigana zamani, na kwa kuwa walipigana sana, wajukuu wao wamepewa ruhusa ya kutukanana bila kununiana. Nami sikutaka kushindwa siku ya kwanza. Nikamjibu, "Nimefuata ng'ombe wa babu, wale mliowaiba."

"Tulishakula," akasema Gaudensia Mapunda. "Zimebaki pembe. Njoo nikupe kazi, zisije zikakuchoma."

Kazi yenyewe ilikuwa kalibu ya chuma ya kumiminia alumini, ya kutengenezea upawa. Sehemu ya kishikio alikuwa ameshaimaliza, limebaki lile bonde la mviringo la kichwa cha upawa. Akafungua droo. Ndani kulikuwa na visu, kila kimoja kimeviringishwa kitambaa cha kitenge ili makali yasigongane. Sisi karakana tunaviita visu, lakini asiyevijua afikirie kidole cha chuma kigumu chenye meno yanayojisokota, kinachozungushwa na mashine huku kikila chuma kilichobanwa mezani. "Chagua," akasema.

Nikachagua kilichong'aa kuliko vyote: kisu cha bapa, meno manne, ncha yake imekatwa sawasawa kama kizibo. Nikachonga asubuhi nzima, nikishuka kidogo kidogo, nikizungusha meza, jasho likinitoka kama niliyeajiriwa kupiga picha za matangazo. Nilipomwita aone, Gaudensia alipitisha kidole kwenye bonde langu. Kilipiga tak, tak, tak, kikishuka.

"Injinia, hizi ngazi ni za nini? Za supu kupandia?"

Yule mzee wa mashine ya kukereza alicheka mpaka akazima mashine.

Hapo ndipo nilipopewa somo ambalo chuo kilikuwa nalo kitabuni nami nilikuwa nimelifaulu kwenye mtihani. Kisu cha bapa kina kona, na kona ikishuka kwenye mteremko huacha ngazi. Kwa mabonde unatumia kisu chenye ncha ya mviringo, ambacho pale kwetu tulikiita kisu cha yai. Hicho hakiachi ngazi, kinaacha matuta, kama shamba la mahindi lililolimwa vizuri. Ukikipitisha mbali mbali, matuta yanakuwa makubwa. Ukikipitisha karibu karibu, yanakuwa madogo mpaka msasa unayamaliza. Na kadiri yai lenyewe linavyokuwa kubwa ndivyo tuta linavyokuwa la chini kwa nafasi ile ile. Kwa hiyo chukua kikubwa. Ila kisizidi bonde, maana kisu cha yai chenye nusu kipenyo cha milimita kumi hakiwezi kuingia pindo lenye nusu kipenyo cha saba. Kitaacha nyama, yaani chuma kisichokatwa, pale ndani, au ukikilazimisha kitang'ata kuta za pembeni.

"Kisu kikubwa kadiri bonde linavyoruhusu," alisema, "na kifupi kadiri unavyoweza kufika. Kisu ni kama mwiko. Ukiushika mwisho kabisa, ugali unakushinda."

Mnaona, hayo ni maneno machache tu. Nimefanya kazi miaka karibu thelathini na sijapata la kuongeza.

Jambo la pili alinionyesha siku ile ile. Alifunga kisu cha yai, akakipitisha mara moja juu ya bamba lililonyooka, ncha ikigusa wima. Kisha akanipa kioo cha kukuzia. Pembeni mwa mfereji uliokatwa, chuma kiling'aa. Katikati kabisa palikuwa na mstari mwembamba uliochubuka, kama ngozi iliyosuguliwa kwa kamba.

"Kwa nini hapo pamechubuka?" akaniuliza.

Nikaanza kutaja ugumu wa chuma, mafuta ya kupoza, mtikisiko. Nilitaja mambo saba. Alikuwa anayahesabu kwa vidole.

"Mtani, kitu kinachozunguka, katikati yake kunaendaje?"

 Kanuni ya mwendo wa makali nilikuwa naijua kama jina la mama yangu: mwendo unategemea kipenyo. Kwenye ncha ya yai, kipenyo ni sifuri. Kisu kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika, kinatoa sauti ya kutisha, na pale katikati pamesimama. Hapakati, panasugua. Nilikuwa nimekokotoa hesabu hiyo miaka minne bila kuuona utulivu ule katikati ya vurugu. Mama aliyeishia darasa la saba na kozi ya ufundi ya misheni alikuwa ameuona kwa kioo cha kukuzia.

"Kwa hiyo unafanyaje?" akauliza tena.

"Sijui, Fundi."

"Vizuri. Leo ndiyo umeanza kazi. Unainamisha kidogo kipande unachochonga, ubavu wa yai ndio ukate, ncha ipumzike."

Miaka ikapita. Nilihamia mtaa wa Bombambili, nikaoa, nikazoea mvua za huku. Kisha karakana ikapata mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Ilikuwa ya mtumba, maandishi yake ni ya lugha ambayo hakuna aliyeijua, lakini ilikuwa mashine. Nikajifunza kuiendesha kabla ya wengine na kwa muda fulani nikawa mtu asiyevumilika. Gaudensia hakuigusa kibodi yake hata mara moja. Alikuwa anasimama kando, akisikiliza, na kisu kikianza kulia vibaya anasema, "Punguza," kabla mimi sijaona chochote kwenye kioo cha kompyuta.

Tatizo letu kubwa halikuwa mashine bali michoro. Watu walituletea vipande vya pampu, vya mashine za kukoboa kahawa, vya mitambo iliyoletwa na watu waliokwisha kufa kutoka viwanda vilivyokwisha kufungwa. Kipande kina mapindo, mchoro hakuna. Utapimaje ndani ya bonde? Kalipa, kile kipimo cha taya mbili, haifiki. Gaudensia alikuwa na njia yake, na mpaka leo sijaisikia karakana nyingine. Alipima kwa ugali.

Alipika ugali wa sembe laini, si dona, akauacha upoe mpaka uwe wa uvuguvugu. Anapaka ndani ya bonde mafuta ya alizeti kwa kidole, kisha anayafuta, ibaki harufu tu. Anashindilia ugali kwa kidole gumba, anauacha ugande, anauchomoa. Unatoka kama pacha wa lile bonde, umegeuzwa ndani nje. Anaukata vipande kwa uzi wa kushonea, kama mtu anayekata sabuni, na kila kipande anakilaza juu ya karatasi na kukizungushia penseli. Hapo mapindo yote ya ndani yako mbele yako. Pindo dogo kuliko yote analilinganisha na washa, zile pete bapa za chuma zinazowekwa chini ya nati, za ukubwa tofauti, na washa inayokaa sawasawa ndiyo inayokwambia kisu kisizidi nini. Kisha tunachonga kwanza kwenye nta ya nyuki, tunakagua, ndipo tunagusa chuma chenyewe.

Nilikuwa nimeiona njia hiyo mara nyingi sana. Kuiona, hilo ndilo nililofanya.

Sasa nifike kwenye kazi iliyonifanya niandike. Sista Imelda alikuwa mkuu wa kituo cha afya kimoja upande wa milimani, ukishaiacha barabara ya Maposeni. Umeme wao ulitoka kwenye turubaini ndogo iliyofungwa kando ya kijito. Wengi mmewahi kuiona turubaini ya aina hiyo: gurudumu lenye vikombe ukingoni pote, maji yanashuka kwa bomba kutoka mlimani, yanatoka kwenye tundu kwa kasi ya kuweza kumvunja mtu mkono, yanapiga kikombe kimoja baada ya kingine. Kila kikombe ni kama mabakuli mawili yaliyoshikana ubavu, na katikati yao uko mgongo mwembamba unaoyapasua maji nusu kwa nusu. Maji yanaingia, yanazunguka bakuli, yanageuzwa karibu yarudi yalikotoka. Katika kule kugeuzwa yanaacha nguvu zake kwenye gurudumu. Sijawahi kuona chombo chenye umbo la busara kuliko kikombe kile, na aliyekibuni sijui kama alilala usingizi usiku ule.

Wavu wa kuchujia maji kule juu ulichanika, jiwe likaingia bombani, vikombe viwili vikapasuka. Sista alivileta karakana kwenye ndoo, pamoja na kikombe kizima kilichofunguliwa kwenye gurudumu ili tuwe na mfano, na donge moja la bronzi. Donge hilo lilikuwa limezuia mlango wa stoo yao usipigwe na upepo kwa miaka mingi, mpaka fundi mmoja mgeni alipolikwaruza na kusema hiki si chuma cha kawaida. Nikalipima. Lilitosha vikombe viwili. Si viwili na akiba. Viwili.

"Na kama likiharibika?" Sista akauliza.

"Hatuna bronzi nyingine ya ukubwa huu. Kuagiza ni miezi."

Sista Imelda alikuwa mwanamke mfupi, wa kuongea taratibu, na taratibu ile ilitisha. "Injinia, nina watoto wawili waliozaliwa kabla ya siku zao. Wako kwenye kisanduku cha joto. Kisanduku kinakula umeme. Jenereta yetu ni ya zamani, inazima inapotaka yenyewe, na ikizima tunawaweka watoto kifuani kwa mama zao na kuomba. Miezi sina."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Sentensi hiyo, ninyi mnaobaki, msiitumie.

Kesho yake kaka yake Gaudensia alifariki kule Maposeni, naye akaondoka. Kabla ya kuondoka alinishika bega. "Nisubiri siku nne. Au basi, njoo msibani ufanye utani wako, tutarudi wote." Kwa desturi mtani ana kazi msibani: anapaswa kuwachekesha wafiwa, avae nguo za marehemu, ajilaze alipokuwa akiketi, awazuie wasizame kwenye huzuni. Nilijua. Lakini nilikuwa na mashine ya kompyuta, watoto wawili kwenye kisanduku, na hamu isiyosemwa ya kufanya kazi kubwa bila kusimamiwa. Nikatuma rambirambi kwa mkono wa mtu.

Nikapika ugali nyumbani. Mke wangu alisimama mlangoni akatazama nikiushindilia kwenye kikombe cha turubaini, akasema, "Haya ndiyo uliyosomea." Alizeti ilikuwa imeisha. Kwenye kabati palikuwa na mafuta ya mgando, yale meupe ya kukaangia, nikayapaka kwa wingi ili ugali usishike. Ugali ulikuwa bado wa moto, nikaona kupoa kutanichelewesha. Ulipoganda ukatoka vizuri mno. Nikapangusa kikombe kikawa safi. Nikakata kwa uzi, nikachora, nikapima kwa washa: pindo dogo kuliko yote, nusu kipenyo milimita kumi na kidogo. Nikaingiza michoro kwenye kompyuta, kompyuta ikapendekeza kisu cha yai cha kipenyo cha milimita ishirini, nami nikakubali kama mtu anayekubaliana na rafiki msomi. Nta nikairuka. Watoto wanasubiri, nilijiambia; na ni kweli walikuwa wanasubiri, jambo linalonifanya mpaka leo nishindwe kujua kama nilidanganya.

Kwa siku mbili mashine ilichonga kikombe cha kwanza. Kilitoka kinang'aa, laini, matuta hayaonekani hata kwa kioo. Sista alikuja kukiangalia, akakishika kwa mikono miwili. "Kama cha altareni," akasema. Nililala vizuri.

Gaudensia alirudi siku ya tano, bado amejifunga kitambaa cheusi cha msiba. Nikampa pole, akaipokea. Kisha nikampa kikombe. Hakukitazama. Alivua miwani, akafumba macho, akaingiza kidole gumba kwenye bakuli la kushoto, akakizungusha mpaka mguuni pa ule mgongo wa kati. Akasimama hapo. Akachukua kikombe cha mfano, akafanya vile vile. Akarudi kwenye changu.

"Hapa pana uongo," akasema.

"Wapi?"

"Kile cha zamani, kidole kinaingia mpaka ukucha. Hiki chako kinakataa mlangoni. Ulipaka nini?"

"Mafuta."

"Mafuta ni mengi duniani, mtani. Yapi?"

"Ya mgando."

"Na ugali ulikuwa wa moto?"

 Tuliona sote wawili kwa wakati mmoja, nadhani. Joto la ugali liliyayeyusha mafuta, mafuta yakakimbilia chini kabisa, kwenye pindo jembamba mguuni pa mgongo, yakajaa humo, yakaganda. Ugali haukuweza kuingia palipokwisha kuwa na mtu. Nikapima mafuta ya kukaangia nikidhani ninapima turubaini. Kisha, kwa unadhifu, nikapangusa ushahidi.

 Nilikaa kwenye ndoo ile ile ya Sista.

"Hukuja msibani kututania," Gaudensia akasema, "ukabaki huku kuitania bronzi." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akageuza kikombe kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kwa mara ya kwanza. "Lakini sikia. Mafuta yamejaza, hayakuchimba. Umeacha nyama, hujakata mfupa. Inayozidi tunaweza kuitoa. Ungekosea upande wa pili, hapa tungekuwa tunaongea habari nyingine. Yashukuru mafuta, maana akili haikuhusika."

Nilimpigia Sista simu mwenyewe, nikamweleza yote, hata mafuta.  "Injinia, wale watoto hawajui mgando wala alizeti. Wanajua joto. Lini?"

"Sijui, Sista."

"Afadhali jibu hilo kuliko lile la kwanza," akasema, akakata simu.

Ugali wa pili alipika Gaudensia, kwenye jiko la mkaa nje ya karakana. Nusu kipenyo cha pindo kilikuwa saba. Maana yake kisu cha yai kisichozidi kipenyo cha milimita kumi na mbili, nafasi kidogo ya kugeukia ibaki. Tulikuwa nacho kimoja tu, kirefu, chembamba, kilichokwisha kunolewa mara mbili. Na hapo tatizo lilikuwa baya kuliko tulivyodhani. Bakuli lina kina, na mgongo wa kati umesimama kando yake kama ukuta. Ili ncha ifike mguuni pa ukuta bila kishikio cha mashine kugonga mgongo, kisu lazima kichomoze nje kwa urefu wa kutisha. Kisu chembamba kilichochomoza hivyo huimba, kikiimba hutetemeka, kikitetemeka huung'ata mgongo, au hukatika na kubaki humo. Na donge lilikuwa moja.

Nikapendekeza tupite polepole sana. Gaudensia alikuwa amekaa kwenye kiti, kikombe mapajani juu ya khanga, kisu mkononi bila mashine, anakishusha ndani ya bakuli na kukipandisha, anakigeuza kikombe huku na huku kama mtu anayemnywesha mtoto uji. Nikaendelea kuongea. Nilitaja mambo saba tena, sidhani kama alihesabu.

"Mashine inashuka wima tu, sivyo?" akauliza.

"Ndiyo."

"Basi kikombe ndicho kilale. Angalia."

Alikiinamisha kidogo, mgongo ukaegemea nje, na njia ikafunguka. Kisu kilekile, kikiwa kimeshikwa kwa karibu nusu ya urefu niliokuwa nimeuogopa, kilishuka mpaka mguuni bila kugusa chochote. Na pale chini hakikugusa kwa ncha. Kiligusa kwa ubavu. Kwa kulaza kikombe mara moja, alikuwa amekifupisha kisu na kukiondoa kwenye ule mstari unaochubuka, yote mawili pamoja.

Alichukua kipande cha bati, akakikata kwa mkasi kufuata mwinamo ule. Mimi nikaenda kwenye kompyuta, nikaingiza umbo la kikombe, nikatafuta mwinamo bora kwa hesabu zangu. Ilinichukua mpaka alasiri. Niliporudi na jibu, nikaliweka bati lake juu ya mchoro wangu. Tofauti ilikuwa unene wa mstari wa penseli. Nilisimama pale nikalitazama bati. Kuna watu huenda mbali sana ili waone mambo ya ajabu. Mimi langu liliwekwa juu ya karatasi yangu, limekatwa kwa mkasi wa bati.

Tukachonga kabari mbili za chuma, moja kwa bakuli la kushoto na moja kwa la kulia. Tukachagua visu hivi: cha bapa, kinene, kuondoa nyama nyingi katika kikombe cha pili, cha yai cha milimita ishirini kwa bonde pana, na kile chembamba kwa mguu wa mgongo peke yake, kisiguse pengine popote. Nilitaka tutumie chembamba kote ili tusibadilishe kisu. "Utachonga mpaka Pasaka," Gaudensia akasema, "na kabla ya Kwaresima kitakuwa kimekwisha makali." Safari hii tulichonga nta kwanza.

Kikombe kile changu kilipofungwa juu ya kabari, niliweka kiganja kwenye kitufe chekundu cha kuzimia. Gaudensia alisimama upande wa pili, amefumba macho. Kisu kikashuka. Nilisubiri kiimbe. Kilipofika mguuni kikatoa sauti ndogo, kavu, ya mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria. Ikaendelea hivyo, tuta baada ya tuta, chembe za rangi ya dhahabu zikiruka. Sijui nilisimama kwa muda gani. Nilipotoa kiganja kwenye kitufe, vidole vilikuwa havinyooki.

Tulivifunga vikombe siku ya Ijumaa asubuhi. Sista Imelda alishuka mpaka kijitoni na mabuti ya mvua chini ya kanzu yake ya utawa, akasimama karibu na mfereji wa chini, pale maji yanapotokea baada ya kufanya kazi. Mara pekee aliyowahi kushuka hapo, jiwe likiwa limeshapasua vikombe, alisema, palikuwa na vurugu: maji yanaruka, yanapiga kuta, huwezi kusimama bila kulowa. Gaudensia akafungua vali taratibu. Bomba likatetemeka, gurudumu likaanza, likashika mwendo, mlio wake ukapanda na kutulia kwenye sauti moja. Tukatazama mfereji. Maji yalikuwa yanadondoka tu. Yalishuka wima, laini, bila haraka, kama yanayotoka paani mvua ikishakatika.

Sista akageuka, uso umembadilika. "Mbona yamelegea? Yalikuwa na nguvu! Mmefanya nini?"

"Sista," Gaudensia akasema, "nguvu imepita kwenye waya. Panda wodini ukaitafute huko."

Sista hakuaga. Alikunja kanzu, akapanda ile njia ya mlimani kwa haraka ambayo sikuidhania kwa mtu wa maneno ya taratibu kiasi kile. Tukabaki wawili, tukisubiri, hakuna aliyetania. Baada ya muda, kule juu, jenereta ikakohoa, ikazimwa.

Nikachutama ukingoni mwa mfereji nikaingiza mkono chini ya maji yale. Yalikuwa yameshuka mlima mzima na kupita kwenye tundu kwa kasi ya kuvunja mfupa, na kiganjani pangu yakatua kama yale anayokumiminia mtoto wa mwenyeji, ukinawa kabla ya kula.